Kitako cha Bunduki na Mikono ya Ujombani

Juu ya unyushi wangu wa kulia pana kovu dogo lililopinda mfano wa hilali, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Bujumbura, mji ambao wakazi wake wa makamo yangu aghalabu wana alama moja au nyingine yenye tarehe yake, kila anayeliona kwa mara ya kwanza hunyamaza kitambo kwa adabu, akidhani kuwa ni athari ya vita vilivyozuka mwaka 1993. Naona haya kumwambia kweli. Kovu hili sikulipata kwa adui, bali kwa darubini ya bunduki niliyoishika kwa mikono yangu mwenyewe, katika uwanja wa shabaha nchini Kenya, siku ya Jumapili tulivu, mbele ya mpwa wangu na sahibu zake waliokuwa wakinywa chai. Bunduki ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe ni mtu mfupi, na kitako chake kilikatwa kwa kipimo cha mikono yake. Mimi, ambaye Mola alinijalia mikono mirefu kama ya mvuta nyavu, nilipojikunja nyuma yake uso wangu uliikaribia darubini kupita kiasi, na risasi ilipotoka bunduki ilirudi nyuma, kama ilivyo tabia yake, ikalikuta jicho langu mahali ambapo halikupasa kuwapo.

Mpwa huyo ndiye aliyeniandikia barua miezi kadhaa iliyopita. Anaishi Nairobi, ana kibali chake halali cha kumiliki silaha, na baada ya kupiga shabaha kwa miaka kadhaa kwa bunduki za madukani ameazimia kuundiwa moja iliyo yake hasa: mtambo ameuchagua, mtutu ameuagiza, na darubini amekwisha kuinunua kwa bei ambayo mama yake, dada yangu, bado hajaambiwa. Kilichobaki ni kitako, naye anataka kile cha kisasa ambacho mtu huweza kukirefusha na kukifupisha, na kukiinua na kukishusha mahali pa shavu. Walakini aina zake zimekithiri hata kijana wa watu ameduwaa. "Mjomba," aliandika, "mikono yangu ni yako, nipimie huko huko, unishauri." Ni kweli. Katika ukoo wetu hujulikana kwamba kijana huyu alirithi sura kwa baba yake na mikono ujombani.

Neno kitako, ambalo mafundi hulitamka tako bila ya haya yoyote, lisimchekeshe msomaji likamsahaulisha kazi yake. Ni ile sehemu ya bunduki iliyo ya mbao, au ya kitu kilichochukua mahali pa mbao, ambayo huubeba mtutu na mtambo, ikapita chini ya shavu la mpigaji na kukomea begani mwake. Mtutu mzuri husifiwa barazani, darubini nzuri hupokezanwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, lakini sijapata kuona mtu aliyekusanya wenziwe ili awaonyeshe kitako; ilhali hicho ndicho kiungo baina ya mwili na chuma. Mtutu hauna hiari, hufanya lile lile kila ukiamriwa. Mwenye hiari, na kwa hiyo mwenye makosa, ni mwanadamu aliyelala nyuma yake, na kulenga kwa usahihi si jambo jingine ila ni kurudia: shavu pale pale, bega pale pale, jicho pale pale, mara ya kumi kama mara ya kwanza. Kitako kisichomkaa mtu humlazimu kuipinda shingo ili aone, na misuli iliyokazwa kwa taabu haiwezi kukazwa kwa kadiri ile ile mara mbili.

Mji wetu huu ulizaliwa chini ya vitako visivyomjali mtu. Kabla ya Wajerumani kuweka boma lao hapa Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Muhammad bin Khalfan, yule tajiri wa Ujiji aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walikuwa wakija kwa njia ya ziwa na magobori yao ya kushindiliwa baruti mdomoni, wasifaulu kuitiisha nchi ya milima ya Mwami Mwezi Gisabo. Na Wajerumani nao hawakuupata utii wa mfalme huyo ila kwa mapatano ya Kiganda ya mwaka 1903. Askari wa Wajerumani, waliokuwa Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na kaumu nyingine, walibeba kwa miaka mingi bunduki ya Mauser ya mtindo wa mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na moshi mzito uliomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha, na vitako vyake vyote vilikatwa Ulaya kwa kipimo cha mwanajeshi wa wastani, mtu ambaye sidhani kama amepata kuzaliwa. Wabelgiji walipoutwaa mji mwezi Juni 1916, askari wao wa Kikongo nao walikuja na bunduki za jeshi za mtindo wao, za kipimo kimoja kwa mrefu na mfupi. Jeshi halina budi kufanya hivyo, kwani penye bunduki elfu moja ghalani askari ndiye anayefundishwa kuifuata bunduki. Lakini mtu anayejitengenezea bunduki moja kwa fedha yake, kisha akanunua kitako cha kipimo cha askari wa wastani, amejiingiza jeshini bila ya mshahara.

Najua kwamba kuandika habari za bunduki katika mji huu ni sawa na kupiga ngoma katika nyumba yenye mgonjwa. Burundi ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 juu ya silaha ndogo na nyepesi, ikatunga sheria yake mwaka 2009, mwaka ambao silaha zilikuwa zikikusanywa mitaani, na hata leo neno inkoho, yaani bunduki, likitamkwa kwa Kirundi mtaani petu akina mama hupunguza sauti. Nisidhaniwe basi kuwa namshawishi mtu. Asiye na kibali aache, wala asitafute njia ya panya. Aliye nacho, katika nchi inayompa, anastahili kujua anachokinunua, kwa kuwa bunduki isiyomkaa mwenyewe ndiyo inayopeleka risasi pasipokusudiwa.

Waliowaza kwanza kwamba kitako kimfuate mtu hawakuwa majemadari, bali walikuwa wacheza shabaha wa Ulaya. Tangu mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyofanyika Lyon, Ufaransa, mwaka 1897, walipiga shabaha kwa masafa ya mita 300, na kadiri miaka ilivyokwenda kanuni za mchezo ziliwaacha wakichonge kitako kwa namna ya ajabu: huyu akatia ndoano ya kukumbatia kwapa, yule akatia kigingi cha kulaza kiganja, hata bunduki zikafanana na magongo ya mtu aliyevunjika mguu. Tusiwacheke. Katika mchezo wa Olimpiki wa bunduki ndogo kwa mita 50, duara la katikati lenye alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na katika ule wa bunduki ya upepo kwa mita 10 ni kitone cha nusu milimita. Mwenye kufukuza kitone hicho hawezi kuliacha shavu lake kwa bahati nasibu. Malcolm Cooper, Mwingereza aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984 na tena Seoul mwaka 1988, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Accuracy International, kampuni iliyoliundia jeshi la Uingereza bunduki ambayo mtambo wake ulikaa juu ya kiunzi cha alumini. Hivyo maarifa ya mchezoni ndiyo yaliyoingia kambini.

Barua ya mpwa wangu niliitia mfukoni nikashuka nayo Buyenzi, mtaa wa Waswahili uliopangwa zama za Wabelgiji, ambako kila kilichovunjika Bujumbura hupelekwa kufufuliwa. Huko yupo mzee seremala aliyepita miaka themanini, ambaye ujanani mwake alichonga vitako viwili vitatu vya wawindaji, kabla hajageukia vitanda na madirisha. Nilimwamkia, nikamsomea barua, naye hakuniuliza swali. Alichukua utepe wa kupimia akaniambia nikunje kiwiko kama anayebeba sinia, kisha akapima kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kwenye nyama ya kidole cha shahada, pale panapogusa kifyatulio. "Thelathini na sita na nusu," akasema. Vitako vya viwandani huwa takriban sentimita 34 au 35 kutoka kifyatulio hadi ncha inayokaa begani, na kile kilichonipa kovu, nikikisia, hakikupita 32.

Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kutafuta kalamu. Mzee akanizuia kwa utepe ule ule. "Mkono ni mlango tu," akasema, "nyumba iko shingoni."

Alikuwa na maana kwamba kipimo cha kiwiko ni cha kuanzia wala si cha kumalizia, kwa sababu watu wawili wenye mikono sawa huweza kuachana kwa urefu wa shingo, kwa upana wa kifua na kwa mahali mfupa wa mtulinga ulipokaa. Tena nguo humo: mtu wa Bujumbura, mji wa joto ulio kandokando ya ziwa, hupiga akiwa amevaa shati, lakini Nairobi ya mwezi Julai humvika mtu sweta na koti, na unene wa koti begani huuongezea urefu wa kitako sentimita nzima au zaidi. Aidha aliyelala kifudifudi nyuma ya tegemeo la miguu miwili hahitaji urefu ule ule wa aliyesimama. Kwa mambo haya kitako cha kurekebishwa kina haki ya kuwapo, na urefu ndio marekebisho ya kwanza ninayoyatetea, ama yawe ya vibamba vinavyoongezwa na kupunguzwa nyuma, ama ya bamba la bega linaloteleza na kufungwa.

La pili ni shavu, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotea. Vitako vya zamani vilichongwa kwa ajili ya mtu anayelenga kwa shabaha za chuma zilizo karibu na mtutu, kwa hiyo mgongo wa kitako ulikuwa chini, na shavu likilala juu yake jicho lilikutana na shabaha bila ya taabu. Darubini ilipokuja ilikaa juu zaidi, na kila kioo chake cha mbele kilipozidi upana, hata kufika milimita 56, nayo ilizidi kupandishwa ili isiguse mtutu. Mgongo wa kitako ukabaki chini ulipokuwa. Matokeo yake ni watu wanaolenga kwa kidevu. Kichwa kinaning'inia, shingo inatetemeka, na mwenyewe analalamikia risasi. Kiegemeo cha shavu kinachopanda na kushuka ndicho dawa, na namna ya kukipima haihitaji fundi: lala nyuma ya bunduki isiyo na risasi, iliyokaguliwa mara mbili na kuelekezwa mahali salama, fumba macho, laza shavu mpaka uzito wote wa kichwa uwe juu ya kiegemeo, kisha fumbua. Ukiona duara zima la nuru, umefika. Ukiona kivuli cheusi mfano wa mwezi mchanga chini au juu, kiegemeo hakijafika mahali pake, nawe kirekebishe hicho, usiirekebishe shingo.

Hapo mnunuzi aangalie pia jambo moja ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja. Kiegemeo kikiinuliwa sana huziba njia ya komeo la bunduki linapovutwa nyuma kabisa ili litolewe kusafishwa, na mwenyewe hulazimika kukishusha kila mara, akapoteza kipimo alichokitafuta kwa juma zima. Kitako kilichofikiriwa vyema kimekatwa pengo mahali hapo, au kina alama na kizuio kinachokirudisha kiegemeo palepale kilipokuwa. Wanaotumia mkono wa kushoto, nao ni wengi kuliko wanavyofikiriwa na viwanda, wahakikishe kwanza kwamba gurudumu dogo la kuinulia halikai shavuni mwao.

Baada ya urefu na shavu, mimi nafunga mlango. Katika barua yake mpwa wangu alinitajia vitako ambavyo bamba la bega hupanda, hushuka, huenda kushoto na kulia na kuinama pembeni, ambavyo mshiko wa mkono husogezwa mbele na nyuma, na ambavyo mkia wote hukunjwa kama kiti cha safari. Kila kiungo kinachosogea ni parafujo moja, na kila parafujo ina siku yake ya kulegea. Na mtu anayekuta risasi zake zimehama kwa upana wa kiganja huwa na mashahidi kumi na wawili wa kuhoji badala ya wawili. Wacheza mashindano wa kweli, wanaoandika vipimo vyao daftarini hadi nusu milimita, wana matumizi na viungo hivyo vyote. Wengi wetu hatuna. Kwa hiyo mnunuzi asikihesabu kitako viungo vyake. Akifunge kwa kipimo chake, akisukume kwa nguvu ya bega, akitikise, aone kama kimebaki pale pale.

Juu ya kitu cha kutengenezea, mimi na mzee wa Buyenzi hatukuafikiana. Yeye ni mtu wa mbao. Alinionyesha kipande cha mninga wa Tabora alichokihifadhi kwa miaka mingi, chekundu, chenye mishipa ya rangi ya asali, akanikumbusha kwamba mninga ukisha kukauka hausinyai wala haujivuti kama mbao nyingine, na hilo hata wataalamu wa misitu hulisadiki. Nami nilimpa heshima yake. Lakini bunduki ya shabaha ya masafa marefu huomba kitu kigumu zaidi ya uaminifu wa kawaida: mtambo umekaa ndani ya kitako kwa parafujo mbili, na mbao ikinywa unyevu wa masika au ikikaushwa na kiangazi, hata kwa unene wa karatasi, hukandamiza au kuachia, na mtutu huelekea pengine. Wanamaji wa Marekani walijifunza hayo Vietnam, ambako bunduki zao za M40, zilizoingia kazini mwaka 1966 na vitako vya mbao ya mjozi, zilipinda vitako kwa joto na unyevu, wakaishia kuvishwa vitako vya nyuzi za kioo vilivyotengenezwa na McMillan katika miaka ya 1970. Mtu wa Bujumbura, anayeijua milango yake inavyogoma kufungwa mwezi wa Aprili, hahitaji kusimuliwa mara mbili.

Basi zimebaki njia tatu. Ipo mbao ya tabaka nyingi zilizogandishwa kwa gundi, ambayo ni nzito, ni imara, na ina sura ya kumfariji seremala. Zipo nyuzi za kioo au za kaboni, ambazo hazinywi maji, na ndani yake hutiwa nguzo za chuma au bonge la alumini ili mtambo ukae juu ya kitu kisichobonyea. Na ipo ile ambayo vijana huipenda, kiunzi kizima cha alumini kinachofungwa vipande juu yake, ambacho nilipomweleza mzee sura yake alicheka akaelekeza kidole kwenye gereji ya jirani: "Hiyo ni chasisi." Ndivyo hasa inavyoitwa. Ni njia iliyo nyepesi kufungwa na kufunguliwa, haihitaji fundi wa kuumba kitanda cha mtambo kwa gundi, na marekebisho yake huwa mengi. Ila ni baridi shavuni asubuhi, huvuma sauti kila ikiguswa, na humvuta mwenyewe kuongeza vikorombwezo mpaka bunduki ikawa mzigo wa punda.

Nilimwandikia mpwa wangu achukue cha nyuzi za kioo chenye bonge la alumini ndani, chenye marekebisho mawili tu, urefu na shavu, na fedha itakayobaki ainunulie risasi za kujifunzia. Nilimwongezea mambo mawili ya kufanya kikifika. La kwanza, akisha kuufunga mtambo, apitishe noti ya faranga chini ya mtutu kutoka mbele hadi karibu na mtambo. Ikikwama popote, kitako kinaugusa mtutu, na mtutu unaoguswa hauwezi kutikisika kwa uhuru wake. Nilimfungia noti ya Burundi ndani ya barua, kwa sababu noti zetu zimechakaa vya kutosha kuwa laini. La pili, parafujo za mtambo azikaze kwa kipimo alichokiandika mtengenezaji wa kitako, kwa ufunguo wenye kupima nguvu, wala asizikaze kwa hasira. Kisha aandike tarehe na kipimo hicho, na azikague tena baada ya risasi ishirini za kwanza.

Jibu lake limefika juma hili. Kitako amekipata, noti ya faranga imepita bila ya kukwama, na urefu aliouweka baada ya siku tatu za kujaribu ni sentimita 36 na nusu, sawasawa na mkono wangu. Shavu, hata hivyo, amelazimika kulipandisha milimita 8 juu ya kipimo nilichomtumia, kwa kuwa shingo yake ni ya kwa baba yake. Nilishuka Buyenzi kumpasha mzee habari hiyo, naye alitikisa kichwa tu, akaendelea kupiga randa. Kijana amenialika nije Desemba kuijaribu bunduki. Nimemjibu kwamba nitakuja inshallah, na safari hii nitakaa upande wa wanywa chai.